Tamasha la Sanaa la Lubumbashi na Wajibu Wetu

Mji huu wa Lubumbashi, ulioasisiwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na ambao hata leo aghalabu hutajwa ulimwenguni kwa madini yake tu, una fahari nyingine isiyochimbwa ardhini: tangu mwaka 2008, Sammy Baloji na wasanii wenziwe wa jumuiya ya Picha walipoanzisha tamasha ambalo sasa huitwa Biennale ya Lubumbashi, wasanii wa Kongo na wa nchi za mbali hukutana hapa, kila baada ya miaka miwili au mitatu, kuitafakari historia yetu, na mwaka 2022 maudhui yao yalikuwa sumu, jambo lisilo geni kwa wakazi wa kandokando ya viwanda vya kuyeyushia shaba.

Thamani ya tamasha hili tuipime kwa nafasi wanayopewa vijana wa mitaa yetu ya Katuba, Kenya na Kamalondo ya kutunga na kuonyesha kazi zao wenyewe. Ili nafasi hiyo ipatikane, ni wajibu wa serikali ya jimbo, na wa makampuni yanayoneemeka kwa madini yetu, kulifadhili kwa ukarimu, pasipo kuwaamrisha wasanii la kusema.