Hesabu Zikilingana, Kazi Ndiyo Kwanza Inaanza

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa shahada ya uhasibu hukutana na urari mapema. Anajumlisha upande wa debiti, anajumlisha wa krediti, na jumla zikilingana anashusha pumzi. Ana haki ya kufurahi. Lakini urari huohuo hulingana hata pale vocha ya mafuta ya gari binafsi la meneja inapoingizwa kwenye leja ya matengenezo ya ofisi, maana pande zote mbili zimeguswa kwa kiasi kilekile. Hoja ya makala hii ni kwamba vyuo vya Tanzania vinafundisha vizuri kulinganisha hesabu, ila vinachelewa mno kumfundisha mwanafunzi kuzihoji.

Kanuni yenyewe, ya kugusa pande mbili katika kila muamala, ni kongwe. Luca Pacioli, mtawa na mwanahisabati wa Italia, aliieleza katika kitabu kilichochapishwa Venice mwaka 1494. Hakuibuni; aliwakuta wafanyabiashara wa mji ule wakiitumia. Nchini Tanzania, sheria ya mwaka 1972 ndiyo iliyounda Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, na mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM. Leo somo hili lina wanafunzi wengi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (Mlimani), Mzumbe, IFM, Taasisi ya Uhasibu na Chuo cha Uhasibu Arusha. Waliotoka mchepuo wa ECA (uchumi, biashara na uhasibu) huanza kwa kujiamini, kwa kuwa walishafunga hesabu tangu sekondari. Waliotoka michepuo mingine huhangaika muhula wa kwanza, kisha mara nyingi huwafikia wenzao, hasa wakiwa watu wa kuuliza maswali.

Tatizo linaanzia kwenye madesa. Maswali yaliyosuluhishwa hurithishwa mwaka hadi mwaka, na mwenye kuogopa sapu, yaani mtihani wa marudio, huyakariri kama yalivyo. Viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha, IFRS, havimsubiri. Tangu Januari 2019, kiwango cha IFRS 16 kinamtaka mpangaji aingize mikataba mingi ya kukodi majengo na magari ndani ya mizania, kama mali na kama deni. Desa la kabla ya hapo linaonyesha sehemu kubwa ya kodi hiyo kama gharama tu ya mwaka. Kuanzia Januari 2027, IFRS 18 itabadilisha mpangilio wa taarifa ya faida au hasara, na wanaosoma sasa ndio watakaoitumia kazini. Aliyekariri mpangilio bila kuelewa sababu zake atalazimika kuanza upya.

Usuluhisho wa benki unalionyesha waziwazi pengo hili kati ya kulinganisha na kuhoji. Swali la mtihani husema: daftari la fedha lina salio la shilingi 4,650,000 na taarifa ya benki inaonyesha 5,200,000. Kuna hundi ya 800,000 ambayo haijawasilishwa benki, fedha 220,000 zilizowekwa ambazo benki haijaziingiza, na makato ya benki ya 30,000. Mwanafunzi anatoa, anajumlisha, na kila upande unafika 4,620,000. Alama zote.

Mhasibu mzoefu, akiletewa karatasi hiyohiyo, anaanza na ile hundi. Iliandikwa lini? Kwa jina la nani? Kama ina miezi saba, benki kwa kawaida haitaipokea tena. Kwa nini basi aliyelipwa hajalalamika? Huenda mzigo haukufika. Huenda hundi bado iko kwenye droo ya ofisi, au aliyeandikiwa hayupo kabisa. Anafungua faili, anatafuta ankara, hati ya kupokelea mzigo na sahihi ya aliyeidhinisha. Maswali hayo hayahitajiki ili kuipata 4,620,000, na ndiyo maana mtihani wa chuo hauyagusi. Lakini wizi hujificha hapohapo, mahali ambapo hesabu imelingana.

Ushahidi uko wazi katika ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ofisi inayotajwa katika ibara ya 143 ya Katiba. Hoja inayojirudia humo ni ya malipo yasiyo na nyaraka za kutosha. Wanaosaini malipo hayo si watu wasiojua kujumlisha. Inafaa kukumbuka pia kwamba Profesa Mussa Assad, aliyeshika ofisi hiyo kati ya 2014 na 2019, alitokea kwenye ualimu wa uhasibu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Darasa na ukaguzi havikai mbali kama inavyodhaniwa.

Shahada peke yake haimfanyi mtu kuwa CPA, yaani mhasibu aliyethibitishwa kitaaluma. Mhitimu husamehewa baadhi ya masomo, kisha hufanya mitihani ya NBAA, na bado huhitaji uzoefu wa kazi chini ya usimamizi. Humo mna ukaguzi, somo ambalo halina fomula ya kukimbilia.

Mafunzo kwa vitendo yangeziba pengo hili, ila wanafunzi wengi hurudi wakiwa wamepanga mafaili na kutoa fotokopi tu. Pendekezo la makala hii ni kwamba kila chuo kiandae boksi la nyaraka za mwezi mmoja wa biashara ya kati, majina yakiwa yameondolewa: stakabadhi za mashine za kodi (EFD), taarifa za malipo ya simu ya Lipa Namba, vocha, ankara na hundi, baadhi zikiwa na kasoro za makusudi. Mwanafunzi wa mwaka wa pili afunge hesabu za mwezi huo, kisha aandike ukurasa mmoja akieleza ni malipo gani asingeyaidhinisha na kwa nini. Kazi hiyo isahihishwe na mwalimu pamoja na mhasibu aliyesajiliwa, na ukurasa ule wa maelezo ubebe nusu ya alama.