Kompyuta Zikiungana: Waya Mmoja, Pete au Nyota?

Leo tunaangalia namna kompyuta za ofisini zinavyounganishwa. Zamani nyingi zilitegemea waya mmoja mrefu. Ukikatika popote, mtandao mzima unakwama. Katika mtindo wa pete, data huzunguka kutoka mashine moja hadi nyingine. Siku hizi unaotawala ni mtindo wa nyota: kila kompyuta ina kebo yake hadi kwenye swichi, kile kisanduku chenye taa zinazometameta. Kebo moja ikifa, kompyuta nyingine zinaendelea na kazi. Swichi ikizimika, zote zimekatika. Kebo hiyo ikiwa ya shaba, isizidi mita 100. Basi, ukifunga mtandao, weka swichi mahali pakavu penye hewa, na uiwekee umeme wa akiba.