Kutoa kipandikizi si mwisho wa matibabu

Mwaka 2010 Ufaransa ilipiga marufuku vipandikizi vya matiti vya kampuni ya PIP baada ya kubainika kuwa vimejazwa silikoni ya viwandani. Mwasisi wake, Jean-Claude Mas, alihukumiwa kifungo cha miaka 4 kwa udanganyifu. Wanawake wapatao 30,000 nchini humo walishauriwa na serikali wavitoe. Habari nyingi huishia hapo.

Lakini mwanamke aliyetolewa kipandikizi anazinduka kifua kimefungwa bandeji, pengine na mrija unaochuruza damu na majimaji, na kwa wiki kadhaa haruhusiwi hata kumbeba mwanawe. Ngozi imelegea. Wapo wanaosema uchovu na maumivu ya viungo vimepungua; wapo ambao dalili hazikuondoka, nao huambiwa ni mawazo tu. Kauli hiyo ni ukatili. Tangu 2021 Marekani inawataka madaktari wamweleze mgonjwa hatari hizi kabla ya kumwekea kipandikizi, ikiwemo saratani adimu ya limfu.

Msikilizaji uliyewekewa kipandikizi, popote ulipopasuliwa, dai kadi yenye aina na namba yake, uitunze. Titi likivimba ghafla, hata baada ya miaka mingi, nenda hospitali.