Herufi Sita za Msamvu: Silabi, Kamusi na Michezo ya Maneno



Afikaye Msamvu, pale Morogoro ziachanapo njia ya Dodoma na ile ya Iringa, hujifunza kungoja. Siku moja nilipokuwa nikingoja basi kituoni hapo, vijana wawili waliketi karibu nami na kipande cha karatasi. Walikuwa wamechukua herufi za jina la mahali hapo, m, s, a, m, v, u, wakishindana kutafuta maneno yawezayo kuundwa kwazo. Orodha yao haikuwa haba: au, ua, uma, vua, mvua, vuma, umma. Mmoja akaongeza mua. Mwenzake akapinga kwamba yeye huandika muwa, na w haimo. (Jina Morogoro lenyewe walikwisha kulijaribu wakaliacha. Lina o nne na hakuna irabu nyingine, na limepungukiwa g moja tu ili lizae mgogoro.)

Mgogoro halisi ulizuka juu ya neno mvuma. "Mvuma ni yule avumaye," alidai aliyeliandika, "kama vile mvuvi ni yule avuaye." Mwenzake alijibu kwa neno moja: "Kamusi?" Kisha wakanigeukia. "Shikamoo mzee. Tuamulie."

Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa na TUKI mwaka 1981 na kutolewa upya mwaka 2004, huingiza nomino kwa umoja wake na vitenzi kwa shina lake. Mvuvi anayo nafasi yake. Wavuvi huashiriwa kwa kiambishi tu. Wasingevuliwa haimo kabisa, ingawa hakuna msemaji asiyeielewa. Basi sheria isemayo kwamba neno halali ni lile tu lililoorodheshwa kamusini huitupa nje sehemu kubwa ya lugha yetu. Sheria hiyo ikiondolewa, kitenzi kimoja huzaa maumbo mengi kiasi kwamba mchezo hukosa mipaka. Hakuna njia ya mkato hapa.

Nimesikia ikisemwa, hata na watu waliosoma, kwamba Kiswahili ni maskini kwa michezo ya aina hii. Naona umaskini umo katika vigae. Alfred Butts, msanifu majengo wa Marekani aliyebuni mchezo uitwao leo Scrabble katika miaka ya 1930, alizihesabu herufi za magazeti ya Kiingereza ili ajue ni ipi iwe na vigae vingi na ipi vichache. Ndiyo maana katika vigae 100 vya Kiingereza k ni moja tu, nayo huthaminiwa alama 5. Mtu achezaye Kiswahili kwa vigae hivyo hawezi kuandika kuku wala kikapu pasipo kutumia kigae kitupu. Q yenye alama 10 na x yenye alama 8 humkalia mkononi hadi mwisho, na c haimfai kitu isipokuwa h iwe karibu.

Watoto wa pwani walikuwa na kipimo kingine. Katika kinyume, mchezo ambao Edward Steere aliutolea mifano katika kitabu chake cha Kiswahili katika karne ya 19, silabi ya mwisho huhamishwa ikatangulizwa. Msamvu huwa mvumsa. Mtoto huibeba mvu nzima, wala hathubutu kuitenga m na vu. Lakini m ya kwanza huijua kuwa silabi inayojitegemea. Herufi ni moja, kazi ni mbili. Chukueni pia mvua. Inyeshayo ina silabi mbili, mvu-a. Mvua samaki ana tatu, m-vu-a. Kigae cha herufi hakiioni tofauti hiyo.

Je, tuchonge vigae vya silabi? Nakiri kwamba navutwa na wazo hilo, ila labda, daftari na maktaba hunirudisha nyuma, kwa kuwa kila moja lina konsonanti isiyo na irabu ya kuifuata. Kwa sasa ningeridhika na vigae vya herufi vilivyohesabiwa upya kutoka matini za Kiswahili, ch na ng' zikiwa kigae kimoja kimoja. Kazi hiyo mwanafunzi wa shahada ya kwanza aweza kuifanya.

Nao vijana? Nilimpa ushindi aliyepinga, ila si kwa hoja yake ya kamusi. Nilieleza kwamba nomino za m- zinazoishia na -a kwa kawaida hudai neno la kuzikamilisha: mla nyama, mfua chuma, mvua samaki. Mvuma peke yake huning'inia.

Yule aliyeshindwa alifikiri kidogo, kisha akauliza kwa adabu, "Na mganga, mzee? Mbona yeye husimama peke yake?"

Basi la Dodoma likaitwa, nami nikainuka kabla sijamjibu.