Kazi Yake Ni Mambo ya Kompyuta

Leo nataka kumzungumzia kijana mmoja wa Lagos ambaye nilimkosea. Sikumtukana, wala sikula mali yake. Nilichelewa kumjibu askari aliyeniuliza habari zake, basi, na kuchelewa huko kukamgharimu naira 50,000.

Mwezi Machi mwaka 2024 nilikwenda Nigeria kumtazama mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu, aliyeolewa huko na mtu wa Kiyoruba. Wanakaa Yaba, upande wa bara wa jiji la Lagos, mtaa wenye vyuo na wanafunzi wengi. Katika nyumba hiyo anaishi pia mdogo wa mumewe, kijana wa miaka ishirini na sita, hajaoa. Siku ya kwanza aliponiona alijitupa chini kifudifudi, viganja sakafuni. Mimi nilidhani ameteleza, nikakimbilia kumshika mkono. Kumbe ndiyo heshima ya kijana wa Kiyoruba kwa mtu mzima. Tangu siku hiyo akawa ananiita Daddy, nami nikamwita mwanangu.

Lakini, nisiwafiche, moyo wangu haukumkubali upesi. Kijana huyu aliamka saa nne asubuhi. Mchana alikuwa chumbani. Usiku, watu tukijiandaa kulala, mlango wake umefungwa na tunamsikia akizungumza Kiingereza na watu tusiowaona. Mshahara wake ni wa dola, na ofisi hana. Sisi tuliofanya kazi maofisini miaka ya tisini tunazikumbuka zile barua zilizotufikia kwa posta na kwa faksi, mtu asiyekujua anataka akaunti yako apitishie mamilioni ya marehemu fulani. Wenyewe Wanigeria waliuita utapeli huo 419, kwa namba ya kifungu cha sheria yao ya jinai. Barua moja niliipokea mimi mwenyewe, na nakiri kwamba niliisoma mara mbili kabla ya kuitupa.

Nikamvuta mpwa wangu pembeni nikamuuliza, huyu shemeji yako anafanya kazi gani hasa? Akacheka. "Mjomba, anaandika programu za kompyuta. Na wewe usianze kama majirani."

Jioni moja kijana mwenyewe alinikalisha mbele ya mashine yake akanieleza. Ameajiriwa na kampuni ya Marekani, yenye wafanyakazi katika nchi kadhaa, ambayo inauza programu ya kuhesabia mizigo ghalani. Yeye na wenzake watano wanatunza sehemu moja tu ya programu hiyo, ile inayolinganisha mzigo ulioandikwa na mzigo uliopokelewa. Nilitegemea kumwona akiandika kurasa kwa kurasa. Siku hiyo kazi yake yote ilikuwa mistari sita. Alikuwa ametafuta kosa kwa siku mbili: ghala mbili zikituma hesabu kwa sekunde ileile, moja ilikuwa ikifuta ya mwenzake. Alipolipata, hakuruhusiwa kulirekebisha peke yake. Marekebisho husomwa kwanza na mwenzake aliye nchi nyingine, naye huuliza maswali mpaka aridhike, ndipo huingizwa. Nilikaa ofisini miaka thelathini na hakuna aliyewahi kuyasoma maandishi yangu kwa uangalifu wa namna ile.

Na ule usiku wa mlango kufungwa? Ni hesabu ya saa tu. Lagos ilikuwa mbele ya New York kwa saa tano, kwa hiyo mkutano wa saa kumi alasiri wa wenzake ni saa tatu usiku kwake. Mlango hufungwa kwa sababu ya jenereta.

Hapo kwenye jenereta inafaa nikae kidogo. Nigeria ina watu zaidi ya milioni 200, na gridi yake ya taifa miaka hiyo ilikuwa ikitoa kiasi cha megawati 4,000 hadi 5,000, tena siku ikiwa njema. Kwa hiyo kila mwenye uwezo hujitafutia umeme wake. Kuna jenereta dogo, la kubebwa kwa mkono mmoja, ambalo wamelipa jina lenye maana ya "nimemzidi jirani". Jirani naye analo, na jirani wa jirani, na saa mbili usiku Yaba nzima inanguruma kama kiwanda cha kukoboa. Tarehe 29 Mei 2023 Rais Bola Tinubu, siku aliyoapishwa, alitangaza mwisho wa ruzuku ya mafuta, na ndani ya siku chache bei ya petroli Lagos ikatoka chini ya naira 200 kwa lita ikakaribia 500. Jenereta la mumewe mpwa wangu likawa la kuwashwa kwa wageni tu. Kijana akanunua betri na kigeuza umeme kwa fedha zake, na sasa nyumba nzima inachaji simu kwake. Mwezi Aprili mwaka 2024, nikiwa bado huko, wateja walioahidiwa umeme wa saa ishirini kwa siku walipandishiwa bei kutoka naira 68 hadi 225 kwa uniti. Siku hiyo kijana alikuwa na neno. Alisema: maji nachimbiwa kisima, ulinzi nalipia mlinzi, umeme nanunua betri, mimi ni serikali kamili, nimekosa bendera tu.

Nilimwambia kwamba hata kwetu umeme hukatika. Akaniuliza, kwa adabu, kama kwetu nako askari hukamata watu kwa kubeba kompyuta. Nikanyamaza, sikujua anakoelekea.

Siku ya Alhamisi tarehe 14 Machi intaneti ikafa. Nyaya nne za chini ya bahari, zinazobeba mawasiliano ya Afrika Magharibi, zilikuwa zimeharibika karibu na Abidjan, pwani ya Côte d'Ivoire. Benki kadhaa zikasumbuka. Ndipo nilipoona jinsi watu wa Lagos wanavyoishi kwa mtandao, wakiwamo wale wasiojua kompyuta ni nini. Asubuhi kuna mama anayekaanga akara, bajia za kunde, mlangoni pa nyumba yetu. Mteja humtumia fedha kutoka benki yake kwa simu, naye mama hatoi akara mpaka simu yake ilie kuthibitisha kwamba fedha zimeingia. Wao wanauita ujumbe huo "aleti". Asubuhi hiyo aleti haikuja kwa mtu yeyote. Mama yule akafungua daftari la madeni akaandika majina kwa penseli, akara zikaisha kama kawaida.

Kijana wetu hakuwa na daftari. Alizunguka Yaba na begi mgongoni, akajaribu laini tatu za simu. Mwenye duka mmoja alikuwa na intaneti ya setilaiti, akampa kiti na kumtoza kwa saa. Alirudi usiku wa manane. Mpwa wangu akamwambia waeleze mabosi wako kwamba nyaya zimekatika, jambo hili limetangazwa dunia nzima. Akajibu kwamba mwezi uliopita aliwaeleza habari ya umeme, na mwezi wa kabla yake habari ya mafuta, na kila maelezo ni ya kweli, lakini mtu mwenye maelezo ya kweli kila mwezi mwishowe anaonekana mzigo. Hapo ndipo nilipoanza kumwonea huruma, na kusema kweli kumheshimu.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Kibao cha herufi cha mashine yake kiliharibika, tukaenda pamoja Ikeja, kwenye soko liitwalo Computer Village, mitaa kadhaa ya vibanda ambako hakuna simu wala kompyuta isiyofunguliwa na kufungwa tena. Fundi alimaliza kwa saa moja. Wakati wa kurudi, gari tulilokodi likasimamishwa na wanaume wanne wenye bunduki, wawili kati yao bila sare. Hawakumtazama dereva. Walimtazama kijana mwenye nywele ndefu kidogo na begi la kompyuta. Fungua begi. Fungua simu. Wakaanza kusoma ujumbe wake mmoja mmoja, pamoja na ule wa mchumba wake, huku wakicheka.

Mmoja akaniinamia dirishani akaniuliza kwa upole, baba, huyu ni nani kwako, na anafanya kazi gani?

Ndugu msikilizaji, nilikuwa najua. Nilikuwa nimeonyeshwa ile mistari sita na nikaielewa. Lakini mbele ya bunduki ule wasiwasi wangu wa wiki ya kwanza ukanirudia, nikajiuliza, je, kama yote yale yalikuwa maigizo? Nikasema ni jamaa wa mume wa mpwa wangu. Na kazi yake ni, nikasita, ni mambo ya kompyuta.

Wakaangua kicheko. "Mambo ya kompyuta" ndiyo maneno waliyokuwa wakiyangoja. Huko mtapeli wa mtandaoni huitwa "Yahoo boy", na kwa askari wa namna ile dalili za ugonjwa ni tatu: ujana, kompyuta na uwezo wa kukodi gari. Mwanzoni walitaka 200,000. Baada ya saa nzima juani wakashuka hadi 50,000, na kwa kuwa hatukuwa nazo mkononi, wakampeleka kwa wakala wa kutoa fedha kwa kadi aliyekaa chini ya mwavuli hatua chache tu kutoka pale. Wakala hakushangaa hata kidogo. Alikata na ada yake. Jina hatukupewa wala kituo, na stakabadhi tuliyoondoka nayo ilikuwa ya wakala.

Watu wa nchi ile wanayajua haya kuliko mimi. Mwezi Oktoba mwaka 2020 vijana wao waliingia barabarani wakidai kuvunjwa kwa kikosi cha polisi kilichoitwa SARS, kilichokuwa na sifa mbaya ya kuwakamata vijana na kuwanyang'anya fedha. Serikali ilikivunja tarehe 11 mwezi huo, na tarehe 20 wanajeshi wakawafyatulia risasi waandamanaji kwenye lango la kulipia barabara huko Lekki. Kijana wetu alikuwa mwanafunzi wakati ule. Alikuwa Lekki mchana wa siku hiyo, akaondoka kabla ya jioni kwa sababu mama yake alimpigia simu akilia. Rafiki yake alibaki na akapona. Hayo alinisimulia siku hiyohiyo tulipofika nyumbani, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Nilimwomba radhi. Akasema, Daddy, mara nyingine sema mhandisi, neno hilo wanaliheshimu. Kisha akatoa mfukoni mwa begi karatasi iliyowekwa plastiki, barua ya mwajiri wake yenye muhuri, jina lake na cheo chake. Nikamaka: mbona hukuionyesha? Akajibu kwamba aliionyesha mara moja, mwaka 2022. Askari waliisoma, wakaona kampuni ni ya Marekani, wakajua analipwa dola, bei ikapanda.

Si askari peke yao wanaomshuku. Kampuni ya PayPal ilipoanza huduma Nigeria mwaka 2014, mtu wa huko aliweza kulipia vitu vya ng'ambo lakini hakuweza kupokea malipo, na ikabaki hivyo kwa miaka mingi, wakati Mkenya mwenzake alipokea. Yeye husema kwamba hapo ndipo ulipotoka mwanzo wa mambo yao mazuri: walipofungiwa milango ya watu wakachonga ya kwao. Vijana wawili wa Nigeria walianzisha Paystack mwaka 2015, na mwaka 2020 kampuni ya Stripe ya Marekani ikainunua kwa dola zaidi ya milioni 200. Anaisimulia habari hiyo kama sisi tunavyosimulia mpira. Na kituo cha ubunifu cha CcHub, cha hapo Yaba, kiliinunua iHub ya Nairobi mwaka 2019. Hilo alinikumbusha mara nyingi, kana kwamba mimi ndiye niliyeiuza.

Hata hivyo anafikiria kuondoka. Wana neno lake, japa, Kiyoruba cha kutoroka mbio. Kati ya vijana saba waliomaliza naye chuo, wanne wako Uingereza, mmoja Kanada. Nilidhani atanieleza habari za fedha, lakini fedha anazo za kutosha. Naira iliposhuka kutoka kama 460 kwa dola katikati ya mwaka 2023 hadi kupita 1,500 mapema mwaka 2024, mshahara wake ulizidi kuwa mkubwa huku wa kaka yake, mwalimu wa sekondari, ukiyeyuka. Ndiye anayelipa karo za watoto wa mpwa wangu. Alisema anataka kutembea na begi lake mchana. Nikamuuliza, na Uingereza hawatakushuku? Akafikiri kidogo, akasema watamshuku, ila huenda wakampa stakabadhi.

Mimi nilimshauri abaki. Nilitoa hoja zangu zote, za nchi na za wazazi, na alizisikiliza kichwa kikiwa chini kama inavyompasa kijana wa Kiyoruba. Mpwa wangu alinikemea baadaye jikoni. Alisema, Mjomba, ulisita mbele ya askari, leo husiti kumwambia abaki nao?

Sikuwa na jibu, na mpaka leo ninapozungumza nanyi sina.

Siku ya kuondoka alinisindikiza uwanja wa ndege wa Murtala Muhammed. Kompyuta aliiacha nyumbani. Karibu na uwanja tukasimamishwa, askari akainama dirishani akaniuliza huyu ni nani. Kabla hajamaliza nikasema ni mwanangu, ni mhandisi, anaunda programu za kuhesabia mizigo ghalani, na ghala mbili zikituma hesabu kwa sekunde ileile yeye ndiye anayezuia moja isifute ya mwenzake. Askari akanitazama mimi, akamtazama yeye, akatazama kiti cha nyuma. Halafu akaniambia nifungue sanduku langu.