Je, figo ya mtoto inaweza kumsaidia mtu mzima?

(Muziki wa kufungua kipindi unashuka.)

 

Juzi kwenye bomba la maji mama mmoja alinishika mkono. "Mwanangu, wanasema figo ya mtoto inawekwa ndani ya mtu mzima. Ndiyo maana siku hizi simpeleki wangu kwenye zahanati." Mama, leo ninakujibu mbele ya wote.

Jambo hilo lipo. Lakini sikiliza namna linavyofanyika.

Katika nchi kama Marekani, mtoto akifariki, wazazi wake wanaweza kukubali figo zake zimsaidie mgonjwa. Akiwa mdogo sana, mara nyingi madaktari hupandikiza zote mbili pamoja katika mtu mzima mmoja. Hatari kubwa iko siku za kwanza: mishipa yake ni myembamba, damu inaweza kuganda ndani yake na figo zikafa. Zikivuka hapo, zinakua ndani ya mwili mpya, na zinaweza kufanya kazi miaka mingi, sawa na figo za mtu mzima aliyefariki. Mgonjwa naye hunywa dawa kila siku ili mwili usizikatae.

Je, hapa kwetu? Hospitali ya King Faisal, Kigali, ilianza kupandikiza figo mwaka 2023. Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza mwaka 2017. Huko figo hutolewa na mtu mzima aliye hai, kwa kawaida ndugu wa mgonjwa, kwa hiari yake na baada ya vipimo vingi.

Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipitisha miongozo: figo haiuzwi wala hainunuliwi, na mtoto aliye hai hatolewi kiungo, isipokuwa katika hali chache sana ambazo sheria ya nchi inaziruhusu. Basi mtu akikujia na pesa, au ahadi ya safari, akitaka figo yako au ya mtoto wako, huyo si daktari. Mwambie kiongozi wa kambi, polisi au mfanyakazi wa UNHCR siku hiyohiyo.

Lakini mama, sindano ya chanjo haitoi figo. Tone la damu la kupima malaria halitoi figo. Kutoa figo ni upasuaji wa saa nyingi, mtu akiwa amelazwa usingizi, na huacha kovu.

Mtoto akivimba uso au miguu, akikojoa kidogo sana, au mkojo ukiwa na damu, mpeleke zahanati mapema. Anayefichwa nyumbani ndiye anayeweza kupoteza figo zake, na hakuna aliyeziiba.

Tulinde watoto wetu, ila tusiwafiche kwa muganga. Mbaki salama.

(Muziki unapanda.)