Mshale wa Presha ya Mafuta

Leo nataka kusema nanyi habari ya pikapu za Dodge Ram zilizotengenezwa Marekani tangu 1998 hata 2002, zenye injini ya dizeli ya Cummins ya lita 5.9.

Injini hiyo ina pampu mbili. Ndogo huvuta mafuta katika tangi na kuyapitisha katika chujio; kubwa, iitwayo VP44, huyapokea na kuyasukuma kwa nguvu nyingi mpaka kwenye nozeli. Sasa sikilizeni: pampu kubwa haina oili yake yenyewe. Mafuta yaleyale yapitayo ndani yake ndiyo yanayoilainisha na kuipoza. Pampu ndogo ikichoka, ile kubwa huona kiu, hupata joto, nayo hufa. Na bei yake yaipita mbali bei ya ndogo.

Je, dereva atajuaje? Injini yaweza kunguruma vizuri hali pampu inaharibika. Basi wenye busara hutia geji baina ya chujio na pampu kubwa, wakautazama mshale, hasa gari lipandapo mlima na mzigo. Ukikaa kwenye ratili 10 kwa kila inchi ya mraba au zaidi, wengi huhesabu kuwa ni salama. Ukizidi kushuka chini ya hapo, usingoje: kagua chujio kama limeziba, kisha pampu ndogo yenyewe.

Dalili ya mvua ni mawingu. Asiyeyatazama asiilaumu mvua. Kwaherini.